Mstari wa Pete

"Shangazi, unatafuta nini ukutani?"

Aliyeuliza alikuwa na miaka sita, na tayari ukoo mzima ulishambandika jina la Kidodosi, maana hakuna kilichompita bila kuulizwa. Aliyeulizwa alikuwa amefumba macho, kiganja kimelala ukutani, akikiburuta taratibu kama anayempapasa mtoto mwenye homa.

"Natafuta amani. Lete ndoo."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Shangazi: kuziandaa nyumba zinazouzwa. Watu walimwita Mama Msasa. Alikwangua, akaziba, akapaka, akakaza bawaba, akawaamuru wenye nyumba watoe nusu ya viti. "Mnunuzi haji kuangalia makochi yenu," aliwaambia. "Anatafuta pa kuweka ya kwake." Lakini kopo la rangi halikufunguliwa kabla kiganja chake hakijazunguka kila chumba. Jicho, alisema, hudanganywa na mwanga. Kiganja hakina adabu, kinatoboa siri zote.

Kidodosi alipofika miaka kumi na tano, zamu ikaifikia nyumba ya Bibi, mama yake Shangazi. Ilikuwa nyumba ya juu, ngazi kumi na saba, na magoti ya Bibi yalishaanza kuzigomea. Mkabala na kwa Shangazi kulikuwa na kijumba cha chini kinachouzwa, mlango ukitazamana na mlango. Mwenye kijumba alikubali kuwasubiri mpaka mwisho wa mwezi, basi. Bila kuuza hii, ile haipatikani. Wanunuzi wawili walishakuja. Mmoja alisema korido ina giza. Wa pili aliangalia dari, akaaga.

Zilibaki siku tisa.

"Mama, nenda kwa kaka ukapumzike siku tatu," Shangazi akasema.

"Nifukuzwe kwangu na mtoto niliyemfunga nepi?"

"Vumbi litakuingia machoni."

"Macho yangu hayana neno. Namwona hata sisimizi akipiga miayo."

Akaenda, huku akinung'unika. Shangazi na Kidodosi wakavaa vitambaa puani. Katika ile korido ya giza, kiganja cha Shangazi kikasimama. Kulikuwa na mfereji mwembamba usawa wa kiuno, umetoka sebuleni mpaka mlango wa chumba cha Bibi, kama uliochorwa na msumari.

"Mafundi wa zamani nao!" akasema. Akauziba kwa puti, akapiga msasa, akapaka rangi ya maziwa mara mbili. Korido ikang'aa mpaka Kidodosi akaona haya kupita na viatu.

Bibi akarudi alasiri ya siku ya nne. Wanunuzi wengine walikuwa waje kesho yake asubuhi. Alisifu sebule, akasifu harufu, akasema sasa akajinyooshe kidogo. Akaingia koridoni. Kisha makopo yakaporomoka.

Walimkuta stoo, mwisho kabisa wa korido, amesimama katikati ya mabaki ya rangi.

"Nani kahamisha chumba changu?" akauliza, akacheka peke yake. Mkono wake ulikuwa bado ukutani, unapapasa. Kidodosi akaiona pete yake ya ndoa. Ilikuwa usawa wa kiuno, pale pale ulipokuwa mfereji.

Shangazi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mama. Huoni tangu lini?"

"Naona! Nje naona. Humu ndani nilikuwa na mstari wangu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili mniwekee mtu wa kunishika mkono kwenda chooni?"

Shangazi akakitazama kiganja chake. Mkono wake uliojua kila ukuta wa watu ulikuwa umemfutia mama yake njia. Akainuka, akachukua msumari.

"Shangazi! Wanunuzi wanakuja kesho asubuhi!"

"Na mama yangu anakwenda kulala leo."

Bibi akaweka pete ukutani, akaelekeza. "Juu kidogo. Umezidisha, wewe mtoto. Hapo." Rangi mbichi ikabanduka vipande vipande, Kidodosi akifagia nyuma yao.

Asubuhi wakaja dereva wa lori na mkewe. Kila kitu kikawapendeza, mpaka korido.

"Rangi mpya, ukuta umeshachubuka?" mume akauliza.

Mama Msasa, aliyekuwa na majibu mia kwa kila mnunuzi, akaanza kutafuta moja. Sauti ya Bibi ikamwahi kutoka sebuleni.

"Huo ni mstari wangu, baba. Mimi sioni vizuri. Fumba macho uufuate, utafika kitandani."

Mume akacheka kwa aibu. Mke ndiye aliyefumba macho, kidole mferejini, hatua kwa hatua, akasimama mlangoni bila kujigonga. Akageuka.

"Bibi, na paa? Linavuja?"

"Limevuja mara mbili, juu ya dirisha la jikoni. Mwanangu kaziba. Mvua kubwa ikija, liangalieni."

Shangazi akafumba macho. Mke akamtazama mumewe. "Hawa hawafichi kitu," akasema.

Siku ya pili yake wakaleta jibu: wanaichukua.

Wiki iliyofuata, katika kijumba cha chini, Bibi alikuwa mlangoni akiwapangia kazi watu wote. Ndani, Shangazi alizungusha kiganja, kikasimama kwenye kishimo kando ya dirisha. Kidodosi akamnyooshea puti.

Shangazi hakuipokea.

"Mwaka ule uliniuliza natafuta nini ukutani," akasema. "Nilikuwa natafuta mashimo, mwanangu. Siku hizi nikipata shimo, nauliza kwanza ni la nani."