Kikapu cha Simu

Asubuhi ile mke wa mzee alikunywa chai amesimama, akalalamika kuwa haina sukari, kumbe katia mwenyewe na hakukoroga. Wakacheka. Mzee hakujua kuwa ndicho kicheko chao cha mwisho ndani ya nyumba ile.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani, lakini kijiji kizima kilimwita Mnara. Jina lililetwa na laini za simu za bei nafuu. Laini ya zamani ilishika mtandao hadi mlangoni, ila vocha zake ziliwashinda watu. Alipokuja wakala na laini mpya, wakahama wote kwa mkupuo, za zamani wakazitupa. Baadaye ndipo wakagundua kuwa mpya haishiki popote isipokuwa juu ya jabali, mbali juu ya kijiji. Basi kila asubuhi simu za kijiji ziliingia kwenye kikapu cha fundi, kila moja imefungwa kitambaa cha rangi yake asije akazichanganya. Alipanda nazo, zikaingiza ujumbe, akateremka kugawa habari.

Siku hizo alikuwa akihema. Mumewe alimsihi apumzike japo siku moja. Akajibiwa kwa utani kwamba mnara haulali, halafu jirani ana mjukuu hospitali, anangoja habari. Mkewe akajitwika kikapu. Mzee alimwona akisimama njiani, mkono kifuani, kisha akaendelea kama vile hakuna kitu.

Jua likapanda. Cherehani kimya. Jirani akaja kuulizia simu yake, mzee akamwambia fundi anarudi sasa hivi. Akachukua fimbo, akatoka.

Alimkuta ameegemea jabali, midomo imebadilika rangi, kikapu mapajani. Mtandao ulikuwa tele. Simu zinalia humo ndani kama vifaranga, ujumbe ukiingia. Mzee akageuka akimbie kuita watu, akasita. Huko chini nani angeita gari, na kwa simu ipi? Zote ziko hapa. Akaokota moja, akaigeuzageuza. Shule hakuiona maishani, tarakimu kwake zilikuwa sisimizi tu. Akauliza apige wapi, ampigie nani.

Mkewe akafumbua macho. Akakishika kidole cha mzee, akakiweka juu ya kitufe cha kupigia, akasema taratibu:

"Bonyeza hapo mara mbili, baba watoto, itampigia yeyote. Atakayepokea, mwambie atutafutie gari, tuko huku juu."