Msomi wa Chooni

Mchora vibao wa mtaani kwetu hakujifunzia kusoma darasani. Alijifunzia chooni, tena choo cha shule ambayo yeye hakuwa mwanafunzi wake, na ukimuuliza atakwambia bila haya yoyote. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kimepakana na chake, tunagawana kivuli na umbea, kwa hiyo kisa hiki nimekisikia mara nyingi. Siku zisizo na kazi kinakuwa kirefu, siku za wateja kinakuwa kifupi.

Alikuwa na miaka tisa wakati shangazi yake, muuza mkaa, alipompatia kazi ya kusugua vyoo vya shule iliyokuwa jirani. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi, na inaonekana mpaka leo anaitafuta. Kwa shangazi walikuwa watoto watano, chumba kimoja, kitanda kimoja, na magunia ya mkaa mpaka karibu na dari. Wote walikohoa kwa kupokezana kama kwaya. Hapo nyumbani hakuna aliyeuliza nani atakwenda shule. Waliuliza nani ameshapata nguvu za kushika fagio. Yeye alikuwa amezipata, akashika fagio, na wanafunzi hawakuhangaika kumtafutia jina: wakamwita Fagio.

Vyoo vyenyewe vilikuwa sita, vya shimo, vyenye milango ya bati na kuta za chokaa. Kuta hizo ndizo zilizokuwa gazeti la shule. Kila aliyekuwa na kinyongo na mwalimu aliingia na kipande cha mkaa mfukoni, akamaliza haja zote mbili. Mwalimu mkuu alimwagiza Fagio afute kila kilichoandikwa. Basi yeye, kabla ya kufuta, akawa anawauliza wanafunzi waliopanga foleni hapa pameandikwa nini. Hakuna mtoto duniani anayekataa kukusomea tusi la mwalimu wake. Walimsomea kwa moyo wote, silabi kwa silabi, wengine wakirudia ili wacheke upya.

Neno la kwanza aliloweza kulitambua peke yake lilikuwa boga, kwa sababu liliandikwa mara tatu kuhusu kichwa cha mwalimu wa hesabu. La pili lilikuwa mavi, na hilo halihitaji maelezo. Siku moja akiwa na ndoo mkononi akachukua "bo" kutoka kwenye boga na "ma" kutoka kwenye mavi, akaviunganisha, ikatoka boma. Anasema alikaa chini kabisa, pale pale, na pale si mahali pa kukaa. Alikuwa ametengeneza neno ambalo hakuna aliyemsomea.

Baada ya hapo hakushikika. Alisoma magunia, alisoma vizibo vya chupa, alisoma kanga za majirani zikiwa kwenye kamba. Shangazi alidhani mtoto ameanza kuongea na nguo.

Alikamatwa akiwa na miaka kumi na mmoja. Mtu fulani alikuwa ameandika ukutani kwamba mwalimu wa esabu ana kichwa kama boga, na Fagio, badala ya kufuta, akaokota mkaa akaongeza H mahali pake. Alipogeuka, kichwa chenyewe kilikuwa mlangoni. Kwa kweli, anasema, kilikuwa kikubwa.

Mwalimu wa hesabu akauliza nani ameandika.

"Mimi nimeandika herufi moja tu, mwalimu," akajibu. "Hiyo H. Walikuwa wameisahau."

Mwalimu akaisogelea ile H. Kisha akamwambia asome mstari wa chini yake. Akasoma. Na ule wa pembeni. Akasoma. Alisoma ukuta mzima, tusi kwa tusi, pamoja na lile lililodai kwamba mke wa mwalimu humtandika mumewe kwa mwiko. Mwalimu alisikiliza yote kwa uso wa mtu aliye msibani. Walipofika kwenye soksi za mwalimu mkuu na harufu yake, uvumilivu ukamwisha, akaegemea mlango wa bati akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Siku iliyofuata alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba mtoto aandikishwe. Mwalimu mkuu akataja cheti cha kuzaliwa, akataja sare, akataja umri, na mwishoni akataja alichokuwa anakifikiria tangu mwanzo, yaani nani atasafisha vyoo. Mwalimu wa hesabu akasema kuna wanafunzi mia sita wanaovichafua, hawezi kukosa wachache wa kuvisafisha. Jibu hilo halikupendwa.

Kwa shangazi hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu shangazi hakuwa mtu mbaya. Aliendelea kupanga mafungu ya mkaa huku mgeni akieleza faida za elimu. Alipomaliza, shangazi akamwambia, "Mwalimu, hayo yote nakubali. Sasa njoo jioni uwaambie hawa wanne faida zake, wakishiba maneno nitamruhusu huyu wa tano."

Mwalimu akavuta gunia tupu karibu. Wakaketi wakapatana kama watu wa sokoni: Fagio atasafisha vyoo alfajiri, ujira utaendelea kwenda kwa shangazi, na kengele ikilia ataingia darasani. Mwalimu mkuu, vyoo vyake vikiwa salama, akakubali. Ndivyo alivyoanza darasa la kwanza, magoti yakigonga dawati, katikati ya watoto wa miaka sita waliobana pua kila alipopita. Aliwaacha wabane. Wao walikuwa wanahangaika na a, e, i, o, u, na yeye alikuwa anajua maneno ambayo mwalimu wao angezimia kuyasikia.

Mwalimu wa hesabu akamnunulia viatu vyeusi, vikubwa kwa namba mbili, vikajazwa karatasi mbele. Vilikuwa viatu vya kwanza maishani mwake. Alitembea navyo kama bata, lakini bata mwenye cheo.

Mwezi haukwisha, wakaja watu wa shirika la misaada na mpiga picha wao. Walitaka mtoto mmoja wa kuweka kwenye mabango yao, mtoto mwenye historia. Mwalimu mkuu akamleta Fagio mbio, maana historia ya ufukara alikuwa nayo ya kutosha na kubaki. Mpiga picha akamzungusha kwenye jua, akamwinamisha, akamwinua, kisha akamwambia kwa upole avue viatu.

Fagio akauliza kwa nini.

"Picha itawagusa watu zaidi," mpiga picha akasema.

"Miaka kumi na mmoja nilikuwa sina viatu na hamkuja," akajibu. "Leo ninavyo ndiyo mnataka nivivue?"

Mwalimu mkuu akamwamuru. Akakataa. Akaambiwa basi walau ahuzunike kidogo. Akajaribu kwa dhati, ila kila alipomwangalia mwalimu mkuu alikumbuka ile habari ya soksi, na kicheko kikamponyoka. Picha zote zikatoka za mtoto mwenye viatu anayecheka, bidhaa isiyo na soko.

Wageni walikuwa na haraka. Mwalimu mkuu, akiogopa riziki isimpite, akamwita binti yake mwenyewe wa darasa la pili, mtoto mnene, mwenye afya, aliyekuwa anakula andazi. Wakamnyang'anya andazi, wakamvua viatu, wakampaka vumbi miguuni. Kwa ajili ya lile andazi, alilia vizuri sana. Miezi michache baadaye bango likaletwa shuleni likiwa na uso wake na maneno "Nisaidie, mimi ni yatima." Mkewe mwalimu mkuu alipoliona alikuja shuleni kuuliza yeye amekufa lini. Msaada ulipofika, ilijengwa ofisi mpya ya mwalimu mkuu, yenye vigae. Vyoo vilibaki sita.

Fagio alisimamishwa wiki mbili kwa utovu wa nidhamu. Wiki hizo alisomea nyumbani kwa mwalimu wa hesabu, kwenye meza ya jikoni, mke wa mwalimu akimsimamia. Anasema hakuona mwiko ukitumika ila kwenye sufuria. Hata hivyo, mwalimu aliosha vyombo kwa kasi ya mtu asiyetaka maswali.

Alimaliza darasa la saba akiwa na miaka kumi na saba. Alifaulu. Sekondari ilikuwa mbali na ilitaka vitu ambavyo shangazi, hata kama angeuza mkaa wote wa dunia, asingevipata. Mwalimu wa hesabu alizunguka kwenye ofisi nne na barua ya kumwombea ufadhili, akarudi nayo. Sehemu hii Fagio huisimulia haraka, akichanganya rangi, wala haiwekei mzaha. Alilia siku tatu, akaenda kuuza mkaa.

Huko sokoni ndiko alikomkuta mzee mchora vibao, fundi wa kuchora simba mpaka unaogopa kupita, lakini asiyejua kuandika. Alinakili herufi kama anavyochorwa mbuzi. Alikuwa amemaliza kibao cha duka la nyama na kukiandika "Duka la Nyanya." Mwenye duka alikuwa anafoka. Fagio akaomba brashi. Kabla ya jua kuzama alikuwa na kazi mpya, na mzee akawa na mtu wa kumsomea barua za wanawe.

Hiyo ni miaka ishirini iliyopita. Mzee alimwachia banda alipoacha kazi. Kibao changu kaandika yeye, na cha zahanati, na cha chama cha ushirika. Shangazi amezeeka, anaishi kwa Fagio, anakohoa bado, na hupenda kuwaambia wateja kwamba ni yeye aliyempeleka shule. Fagio hambishii.

Ana binti mmoja, darasa la tano. Juzi binti alikuja bandani saa nne asubuhi, begi mgongoni, akasema ametoroka kwa sababu somo la jiografia linachosha. Nikaweka mkasi chini nishuhudie kichapo. Fagio akamtazama sana.

"Linachosha?" akauliza.

"Sana, mama."

Akacheka, akacheka mpaka akakaa juu ya kopo la rangi, na kopo lilikuwa wazi. Kisha akasimama, sketi yake ikiwa imelowa rangi ya kijani nyuma, akamshika binti mkono, wakaenda zao shuleni, mtaa mzima ukiwatazama.