Kichekesho cha Vita Vifupi

Wivu wangu una wakati wake: saa nne asubuhi, mbele ya kasri, kundi la wageni la mwenzangu linapoangua kicheko na langu linapogeuza shingo kutazama kuna nini.

Sote wawili tunatembeza wageni Mji Mkongwe. Yeye ni mdogo kwangu, na kazi nilimfundisha mimi: vichochoro vya kupita, milango ya kusimama, na pahala mgeni anapoambiwa kwamba hapa palipiganwa vita vifupi kuliko vyote duniani, vya dakika arubaini hivi. Hata kichekesho chake nilimpa mimi. Wazanzibari walikwenda kupiga mswaki, waliporudi mkekani vita vimekwisha na chai bado inatoa moshi. Kwangu wageni walitabasamu. Kwake walishika mbavu. Ana sura, ana sauti, na anajua kunyamaza kidogo kabla ya kufika kwenye chai. Mungu kampa, na mimi roho iliniuma, sifichi.

Ndipo nikakumbuka ukweli. Nasema nikakumbuka kwa sababu niliujua tangu utotoni. Bibi aliyemlea mama yangu alizaliwa yatima. Baba yake alikuwa mchota maji wa kasri, na asubuhi manowari za Kiingereza zilipolipiga mizinga alikuwa ndani na ndoo zake. Hata mwili wake haukupatikana wa kuzikwa. Kila mwaka nyumbani kwetu Michenzani tunasoma hitima ya marehemu wetu, na jina lake hutajwa la kwanza. Mimi nilikuwa nikila pilau ya hitima hiyo, kesho yake nakwenda kuwachekesha watu kwa kifo chake, na kwa miaka sikuona tabu. Tabu niliiona alipochekesha mwenzangu.

Siku moja nikashindwa kujizuia, nikaingia katikati ya kundi lake. Nikawaambia wageni wake kwamba jina hilo la vita vifupi ni la kutudhalilisha, linatufanya taifa la waoga waliokimbia kabla ya kifungua kinywa. Wale ni watu walioshambuliwa nyumbani mwao. Waliojibu kwa silaha walikuwepo, lakini walikuwemo pia wapishi na wachota maji. Anayehesabu dakika ni yule aliyekuwa juu ya manowari. Waliokuwa chini ya paa hawakuwa na nafasi ya kutazama saa. Nikamtaja mzee wetu na ndoo zake. Nilisema kwa hasira, mate yananiruka, na mgeni mmoja akawa anatazama simu yake.

Nilitaraji tugombane pale pale. Akanivuta pembeni, akaniuliza taratibu, "Kaka, kumbe yule ni wa kwenu? Mbona siku zote hukunambia?"

Nikageuka, nikarudi kwa kundi langu.

Wiki ile ile akaanza kusimulia upya. Aliwaambia wageni wake, "Mtasikia hapa kwamba tulipigana vita vifupi. Msiamini. Nitawaambia habari za mtu aliyekuwa akichota maji." Halafu akanyamaza, kule kunyamaza kwake. Mama mmoja wa Kizungu akatoa leso. Yalikuwa maneno yangu yale yale, kasoro mate. Nilitaka uongo ule ufe, Mungu ndiye shahidi, lakini nilitaka niuue mimi na watu waone. Watembezaji wengine wakamwiga yeye, na siku hizi pale mbele ya kasri ni wachache wanaolisema tena neno lile la vita vifupi. Wenzangu waliponieleza hayo kwa furaha, nilikwenda kunywa kahawa peke yangu.

Habari zikamfikia mama, akaagiza mwenzangu aje kwenye hitima. Akaja, kanzu imenyooka, ananukia udi, na akasoma vizuri kuliko mimi. Hata hilo! Tulipokwisha kula, mama akamwita mlangoni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ndo wewe unayemsema mzee wetu mpaka watu wakalia? Mungu akupe umri." Akamtilia halua kwenye kisahani, kipande kikubwa kuliko changu. "Lakini ule upuuzi wa mswaki na chai, nshausikia na mimi. Nani alokufundisha? Nnataka nimjue, nimsomee halbadiri ya kumwapiza."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama na sinia tupu mkononi. Mama hajawahi kuniuliza mimi huwaambia nini wageni, ameamini tu kwamba mwanawe hawezi kumcheka maiti wake. Mwenzangu hakunitazama hata kidogo.

"Nlisoma kitabuni, Bi."

Mama akakilaani kitabu hicho na aliyekiandika. Mimi nikaingia jikoni, nikaliosha lile sinia mara mbili. Nilimwonea wivu hata kwa uongo ule, kwa sababu ingekuwa ni yeye wa kuaibishwa, mimi ningemtaja.