Mlango wa Mkaza Mwana

Shule niliyoijenga Ngonga ilikuwa na milango miwili, mmoja mbele na mmoja ubavuni. Ule wa ubavuni ulikatwa kwa panga na baba yangu mzazi, mchana kweupe, huku mimi nikifundisha. Walimu waliokuja baada yangu walidhani ni mtindo nilioutoa ng'ambo. Ng'ambo hawana mlango wa namna hiyo, wala hawauhitaji.

Nilirudi nyumbani enzi za Wajerumani nikiwa na cheti cha ualimu. Msomaji asione najisifu bure. Toka Ngonga hadi Ikolo hapakuwa na mtu mwingine mwenye karatasi kama ile, yenye mhuri mwekundu na sahihi za walimu wawili wa Kizungu. Sikupelekwa na mtu. Niliacha ng'ombe wa baba machungani, nikavuka mto Songwe kwa miguu yangu, nikapasua mbao za misheni asubuhi ili nisome mchana. Vijana niliotoka nao walirudi mapema. Chakula cha kule kiliwashinda, kwani hakina maziwa wala ndizi. Mimi nilibaki, na niliporudi nilikuwa nimevaa viatu. Mama alivigusa, akauliza kama vinauma. Nikamwambia vinauma, lakini vinapendeza.

Misheni ilinipa ubao, chaki na ruhusa. Nyumba niliijenga mwenyewe pamoja na watu wangu baada ya mavuno ya mpunga. Kwetu, kama inavyojulikana, vijana hawakai kijiji kimoja na baba zao. Wakikua hujenga kijiji chao kando, na huko ndiko wanakooa. Nikachagua mahali katikati, kati ya kijiji cha wazee na kile cha vijana, ili mtu yeyote asiseme shule iko mbali. Nilisimamisha nyumba ndefu ya mianzi, nikaikandika udongo, chumba kimoja, mlango mmoja, madirisha ya kutosha. Hata mzungu wa misheni alipopita akiwa juu ya nyumbu wake alisimama kuitazama.

Mwanafunzi wa kwanza kuingia alikuwa baba.

Sikumtegemea. Aliingia na mkuki wake, akauegemeza ukutani, akakaa kwenye gogo la mbele kabisa. "Umekaa huko miaka," akasema. "Nataka kuona ulichokuwa unakula." Nikamfundisha herufi kama nilivyowafundisha wengine. Nyumbani aliniita mwanangu, shuleni aliniita Mwalimu, na hakuwahi kuchanganya. Wazee wa rika lake walimngoja njiani.

"Mwenzetu, tumesikia umezaa mwalimu. Anakuchapa?"

"Bado," baba akajibu. "Nikikosea ananyamaza, anatazama paa. Heri angenichapa."

Kaka yangu mkubwa alikuja pia, kutoka kijiji cha vijana. Alikuwa hodari wa jembe, mpole, lakini herufi zilimteleza kama samaki. Mkewe ndiye niliyekusudia kusimulia habari zake hapa. Alitoka pwani ya ziwa kwa Wakisi, binti wa wafinyanzi, na mikono yake haikutulia hata akiwa ameketi. Siku moja alinikuta njiani karibu na kisima, mtungi kichwani.

"Shemeji," akasema, "mume wangu anatoka kwako na herufi tatu, akifika nyumbani mbili zimedondoka njiani. Nimeona nije kuziokota mwenyewe."

"Njoo, shemeji. Shule ni ya wote."

Alicheka mpaka mtungi ukayumba. "Ya wote? Na mzee yumo ndani?"

Hapo ndipo nilipoona nilichojenga. Kwetu mkaza mwana hamtazami baba mkwe wake, hakai naye chini ya paa moja, hasemi mahali ambapo sauti yake inaweza kumfikia mzee. Akimwona anakuja, huacha njia, huchuchumaa majanini na kujifunika nguo kichwani hadi apite. Si chuki, ni heshima. Mimi nilikuwa nimejenga nyumba nzuri kuliko zote katika nchi ile, na humo haikuwezekana kwa watu wawili wa familia yangu kukaa pamoja.

Lakini shemeji alikuja. Alikaa nje, nyuma ya ukuta, pembeni mwa ubao na karibu na mlango. Alitoboa tundu kwenye udongo, dogo, usawa wa jicho la mtu aliyeketi, mahali ambapo ukichungulia unaona ubao peke yake. Kisha, kwa kuwa ni mfinyanzi, alililainisha ukingo kwa kidole chenye maji likawa la mviringo kama mdomo wa kibuyu. Darasa likiitikia, midomo yake ilicheza bila sauti. Baba akishaondoka kwenda kukamua, nilitoka nje na kumwuliza, naye akasoma kila kitu. Alichora herufi kwenye udongo mbichi kwa ncha ya ubua, akazifuta kwa kiganja, akachora tena. Nilikuwa mwalimu mzuri, hilo nalijua, lakini mwanafunzi kama yule hatokei mara nyingi.

Akaniambia kwa nini ana haraka. Watoto wake wawili wa kwanza walikuwa wamekufa, na alikuwa na mimba nyingine. Alitaka abatizwe pamoja na mumewe siku ya Pentekoste, kabla ya kujifungua, na ndoa yao ibarikiwe siku hiyohiyo. "Wale wawili niliwalilia tu, sikujua la kusema," akasema. "Huyu nataka nimpokee nikijua kumwombea." Na misheni ilikuwa na sheria yake: asiyeweza kusoma mbele ya mchungaji habatizwi, na mchungaji alifika kwetu mara moja tu kwa mwaka.

Msimu wa kungu ulipita, wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu kama moshi na ambao shemeji aliwakaanga na kutuletea mikate yake shuleni, mingine kwa ajili ya mzee, ikiwa imefunikwa na kuwekwa mlangoni kabla hajafika. Kisha mvua zikaanza. Anayeijua mvua ya kwetu hahitaji kuelezwa, na asiyeijua hataniamini. Siku moja ya masika ilikuja na upepo wa kutoka ziwani, ikapiga ule ukuta aliouegemea moja kwa moja. Nilikuwa ubaoni. Darasa likawa linatazamana. Kila mtu alijua nani yuko nje, na hakuna aliyeweza kusema, kwa sababu mzee yumo ndani.

Baba akasimama.

"Mwalimu."

"Naam, Baba."

"Kuna kitu kinalowa huko nje."

"Ndiyo, Baba."

"Kiingie."

"Hakiwezi kuingia, Baba. Wewe umo."

"Basi mimi nitoke."

"Ukitoka mlangoni utakutana nacho, kiko hapo pembeni."

Baba aliutazama mlango, akanitazama mimi, akautazama ukuta wa upande wa pili. "Nyumba hii aliijenga nani?" akauliza, ingawa alijua vizuri sana. Kisha akachukua panga la mtu mmoja lililokuwa chini ya gogo na kuanza kukata.

"Baba! Ukuta wangu!"

"Endelea kufundisha," akasema.

Udongo ulidondoka kwa mabonge, mianzi ikapasuka, wavulana wakashangilia kama wako ngomani. Akakata tundu la mtu kupita akiinama, akatoka kwenye mvua, akakata jani la mgomba, akalifunika kichwani na kusimama huko. Ndipo kaka yangu alipokimbilia mlango wa mbele na kumwita mkewe. Shemeji aliingia akitiririka maji, akajibanza nyuma ya wanawake wengine. Nikaendelea kufundisha. Darasa lilipoitikia, sauti nzito iliitikia pia kutoka kwenye migomba.

Kesho yake nililifanya lile tundu kuwa mlango wa kweli, wenye kizingiti na miimo. Nikasuka mkeka mrefu wa ukindu, nikautundika katikati ya chumba kutoka mbele hadi nyuma, na ubao nikauweka mwishoni ili pande zote mbili ziuone. Wazee waliingia kwa mlango wa ubavuni na kukaa upande wao, wanawake na vijana kwa mlango wa mbele. Tukakubaliana kwamba mkeka ni ukuta na kila upande ni nyumba yake, na wakaza mwana waliitikia kwa midomo bila sauti. Wakaza mwana wengine waliposikia walikuja pia, na kabla ya masika kwisha upande ule ulijaa kuliko wa wazee. Najua shule nyingi za misheni za wakati ule. Hapakuwa na nyingine yenye mpango kama huo, na mpango ulikuwa wangu, ingawa panga lilikuwa la baba.

Mchungaji alifika juma la Pentekoste. Alikuwa Mjerumani mrefu mwenye ndevu za manjano, aliyesema Kinyakyusa vizuri kuliko baadhi ya makarani weusi wa boma. Aliusifu ubao wangu, akasifu mwandiko wa wanafunzi, kisha akauona mkeka.

"Hiki ni nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, hakukasirika.

"Mwalimu, mkeka ushuke," akasema. "Wanaobatizwa watasimama mstari mmoja mbele yangu na mbele ya wote. Watasoma kwa sauti, kila mmoja. Mbele za Mungu hakuna mkeka. Asiyeweza kusimama hivyo, angoje mwaka mwingine."

Wanaobatizwa walikuwa wachache, na miongoni mwao baba, kaka na shemeji. Nikautungua mkeka kwa mikono yangu. Shemeji alikuwa nje ya mlango wa mbele na wanawake wenzake, amevaa nguo nyeupe mpya, tumbo limeshakuwa kubwa. Alipouona mkeka sakafuni alielewa. Akamwambia kaka yangu kwa sauti ya chini, "Nenda wewe. Mimi nitarudi nyumbani, udongo wangu unakauka." Kaka yangu hakwenda. Alisimama palepale, mikono imeninginia.

Baba alikuwa ndani, upande wa mlango wake, katika shuka safi. Alikuwa amejifunza kipande chake cha kusoma mwezi mzima. Mama alisema anakisema hata usingizini. Akaja hadi kwa mchungaji.

"Bwana, mstari wako unataka watu wangapi wa nyumba yangu?"

"Wote waliojifunza."

"Mmoja katika sisi akitoka, mwingine anaweza kusimama?"

Mchungaji alifikiri. "Anaweza."

"Basi wabatize watoto. Mimi nitangoja."

"Mzee, umesoma mwaka mzima. Nitarudi baada ya mwaka mwingine, nikijaliwa. Utasimama wapi?"

"Nje ya shule hii napafahamu," baba akasema. "Nilikwisha kunyeshewa hapo." Akainama, akapita kwenye mlango wake.

Nilimfuata mpaka kizingitini. Alikuwa ameegemea mwimo, mgongo kwetu, uso kwenye migomba. Nyuma yangu mstari ulipangwa. Kaka yangu alisoma, akakwama, akasaidiwa, akamaliza huku jasho likimtoka. Kisha ikawa zamu ya shemeji. Alijua mzee yuko wapi. Alivuta nguo kichwani, mchungaji akainua uso. Baba, bila kugeuka, akagonga mwimo wa mlango kwa kifundo cha kidole, mara moja, kama mtu anayemruhusu mgeni aingie.

Shemeji akasoma. Alisoma kwa sauti ya wanawake wa pwani wanaoitana kati ya mitumbwi, hakukwama popote, hakuruka hata neno.

"Ndiye?" baba akaniuliza akitazama migomba.

"Ndiye, Baba."

Miaka yote tangu alipotoa ng'ombe wa mahari hakuwahi kuisikia sauti ile. Akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe ndiyo hiyo," akasema. Kisha, "Amekosea?"

"Hata mahali pamoja."

"Ndaga fijo, Mwalimu. Umefundisha."

Hakuwahi kunishukuru wala kunisifu kabla ya hapo, kwa viatu wala kwa cheti. Cheti kile kina sahihi mbili, na wakati ule baba alikuwa tayari anajua kuandika jina lake. Ningepata nafasi chini ya mhuri ningemwomba aweke ya tatu.

Yeye alibatizwa mwaka uliofuata, kwa mlango wake mwenyewe, shemeji akiwa amebaki nyumbani na mtoto wa kike mwenye afya. Vita vilipokuja na mchungaji yule akaondolewa, niliendesha shule peke yangu, na mkeka ulirudi mahali pake kwa mikono ya wanawake wenyewe.

Lakini Pentekoste ile nataka kuimaliza. Ibada ilipokwisha, njia ya kwenda vijijini ilikuwa moja tu, nyembamba, tope na maji ya mashamba ya mpunga pande zote. Wabatizwa walitoka wakiimba, shemeji mbele na nguo yake nyeupe, mumewe nyuma yake. Mbali kule mbele alikuwa baba, aliyetangulia kuondoka. Akazisikia nyimbo zinakaribia. Kwa desturi shemeji ndiye alipaswa kuacha njia, na nilimwona tayari anashika pindo la nguo, anatafuta pa kushukia kwenye tope. Baba alikuwa ameshashuka. Aliingia kwenye mpunga hadi magotini, shuka lake safi likielea, akatupa mgongo na kuitazama milima ya Livingstone kama mtu anayehesabu ng'ombe.

Mzee mmoja wa rika lake aliyekuwa anapalilia upande wa pili akamwona.

"Mwenzetu! Umepotea njia?"

"Sikupotea," baba akajibu. "Njia ina mtu."