Ya Yolande na siku ya ishirini na moja

Marafiki, vidole vinaandika lakini kichwa kinakataa. Prof wetu, Ya Yolande (Ya ni yaya, dada mkubwa kwa heshima), ametutoka Jumanne asubuhi hapa Lubumbashi. Ghafla tu, bila hata kuugua.

Jumatatu jioni alinitumia sauti kwa WhatsApp: "Nadège, usisahau, Alhamisi iko yule mama, jour vingt-et-un, siku yake ya ishirini na moja." Nikamrudishia alama ya kidole gumba. Kidole gumba, jamani. Ndilo neno langu la mwisho kwake.

Kwa msiomjua: alikuwa mtafiti wa homoni za uzazi, na mimi nimekuwa fundi wake wa labo, yaani maabara, kwa miaka kumi na miwili. Kazi yake yote ilikuwa kutafuta kwa nini wanandoa wa mji huu wanakosa mtoto, badala ya kumtwisha mwanamke lawama kabla ya kupima.

Siku moja mama mkwe alimleta mke wa mwanawe. Akasema, "Mutoto wangu iko muzima. Mupime huyu."

Ya Yolande akafunga daftari taratibu. "Bon, mama. Kama bwana haiko, tutapima weye uliyemuzaa."

Wiki iliyofuata bwana alifika mwenyewe, kofia na miwani ya jua, utadhani amekuja kuiba. Tulicheka mpaka nikamwaga chai.

Kuna homoni moja hupanda kama wiki moja baada ya yai kutoka. Kwa wanawake wengi ni siku ya ishirini na moja tangu hedhi ianze. Ukichukua damu siku isiyo yake, jibu linaweza kukudanganya, na mama wa watu anasubiri mwezi mwingine mzima.

Mwaka wangu wa kwanza nilimrudisha mwanamke aliyechelewa. Nikamwambia aje kesho, nikijiona nafuata utaratibu.

Ya Yolande alinishika mkono, tukaenda mpaka Kasungami, pembezoni mwa mji, kumtafuta. Tulimkuta shambani kwake, tukamtoa damu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Njia nzima ya kurudi nililia, chupa ya damu mkononi.

Umeme ukikatika alikuwa anaweka kiganja kwenye mlango wa congélateur, friza yetu ya damu, kama mzazi anayepima homa. Ndani mlikuwa na damu ya miaka, kila chupa na jina.

Sasa niseme lile linalonichoma.

Kaka yake alipokufa, tulikuwa tumekaa kwenye kilio, wageni wamejaa uani. Asubuhi moja akasimama, akachukua mkoba, akaenda labo. Kulikuwa na mama wa siku ya ishirini na moja.

Nilimfuata barabarani nikamwambia hana moyo. Mbele ya watu, mimi mdogo wake.

Akanijibu bila kupandisha sauti: "Ata kesho kaka yangu atakuwa amekufa. Siku ya ule mama ni leo tu."

Kwa wiki mbili nilimwachia majibu mezani nikatoka. Kisha kazi ikaturudisha, tukacheka tena, lakini sikuomba msamaha. Niliona aibu, halafu nikasahau, halafu nikadhani muda upo.

Leo ni Alhamisi. Nilikuwa kwenye kilio chako, Ya Yolande, nimekaa kwenye mkeka karibu na shangazi yako. Simu ikalia, ile alarm niliyoiweka Jumatatu baada ya sauti yako.

Nikasimama. Shangazi akanishika kitenge. "Unaenda wapi? Weye rafiki gani, unatoka mu kilio?"

Nilisema, "Mama, ni yeye amenituma."

Yule mama (jina lake ni siri ya labo) alikuwa kwenye benchi, na karatasi yenye mwandiko wako mkononi. Hakuwa amesikia. "Prof iko wapi leo?" akauliza.

Nilitoa damu kwanza. Kisha nikamwambia.

Akabana pamba kwenye mkono wake, muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Na mie, majibu nitapata kwa nani?"

"Kwangu," nikasema. Sikujua kama ni kweli mpaka nilipojisikia nikisema.

Yaya, chupa yake iko kwenye congélateur, rafu yako ya juu. Nimeandika jina vizuri, herufi kubwa, kama unavyotaka. Umeme upo.

Nilikuambia huna moyo. Nisamehe. Nimechelewa kusema, na wewe ulikuwa mtu wa kuchukia kuchelewa.

Mazishi ni Jumamosi asubuhi. Nimefungua daftari lako: Jumamosi kuna mama mwingine, siku yake.

Nitafika kaburini nimechelewa kidogo, na watu watanisema. Wewe hutanisema.

Lala salama, Ya Yolande. Siku zao ninazo mimi.