Radi, Mama na Kompyuta ya Ukoo

Baba alipostaafu ualimu alinunua kompyuta ya mtumba, akaiweka sebuleni kwetu mtaa wa Ramadhani, hapa Njombe mjini. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na Makambako kulishushwa kila kitu, kuanzia makoti hadi mashine za maofisini Ulaya. Niliyemchagulia ni mimi, dukani kwa tajiri aliyeniajiri ufundi kule Makambako, kwa hiyo ilipoanza vituko lawama zote zikawa zangu.

Baba alikuwa anaandika ukoo wetu. Shangazi yake, bibi aliyeyajua majina yote, alikaa kando akitaja, baba akichapa papo hapo. Hakutaka daftari, daftari ni mambo ya mwaka arobaini na saba, alisema. Bibi akafariki. Mwezi haujaisha, baba akanipelekea barua kwa mkono wa kondakta wa basi: faili halifunguki, njoo.

Nilikuta diski yenyewe nzima, ila mpangilio wa mafaili umevurugika, vipande vya ukoo vimetapakaa huku na huku. Kosa la namna hiyo hutokea mashine ikikatiwa umeme ghafla ikiwa kazini. Nikauliza umeme unakatika mara ngapi. Baba akasisitiza kwamba haukatiki. Nikajichokea. Mchana, nikiwa bado nahangaika na mashine, ngurumo ikalia mbali upande wa Wanging'ombe. Mama akatoka jikoni mbio, mikono ina unga, akang'oa plagi ukutani, kisha akaifunika kompyuta kwa kitambaa chake cha kufuma kama mtoto aliyelala.

Jamani, mama yangu! Radi ilimuua kaka yake shambani, na tangu hapo mawingu yakiguna tu, hakuna kitu kinachobaki kwenye soketi. Alikuwa anailinda. Nilimweleza taratibu, maana kumwambia mama yako kwamba mapenzi yake ndiyo yanayoharibu si jambo dogo.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nawala watu wa baba yenu," akasema, akakaa chini.

Siku mbili niliunganisha vipande. Watu kumi na mmoja hawakupatikana mpaka leo, na inaniuma. Nikanakili faili kwenye flopi tatu, zile diski ndogo za kuchomeka, moja nikaondoka nayo. Mama nikamfundisha kuizima kwa hatua, asubiri maandishi ya rangi ya chungwa yanayosema sasa ni salama kuizima, ndipo ang'oe. Akanijibu kwamba radi haisubiri mtu. Nikajua nimetwanga maji kwenye kinu.

Mvua za mwaka uliofuata zilinikuta nyumbani, baba yuko kanisani, kompyuta ameiacha inawaka. Radi ikapiga karibu mno, mabati yakatetemeka. Mimi fundi mzima niliingia chini ya meza, sioni haya kusema. Mama alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kompyuta, ameshaanza kuizima, anangoja maandishi ya chungwa, mkono mmoja kwenye plagi, machozi yanamtoka. Nikampigia kelele aing'oe tu, aondoke.

"Bado," akasema, bila kugeuka. "Hawajaingia wote ndani."