Kidari cha Baba

Nilipokuwa mtoto nilijua kwamba kila kiungo cha mbuzi kina mwenyewe. Mbuzi akichinjwa kwetu Marangu, hakuna aliyeuliza nani ale nini. Kidari kilikuwa cha mkubwa wa nyumba. Baba mkubwa Ombeni alipofariki, kidari kikahamia kwa mdogo wake, Eliapenda, ambaye ndiye baba yangu. Nilikuwa na miaka kumi, na niliona fahari kama vile nimepewa mimi.

Baba mkubwa alifariki kwa kisukari. Kilianza kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Wakakata kidole, baadaye wakakata mguu chini ya goti, halafu tukamzika mgombani, karibu na babu, ambaye nilisimuliwa kwamba naye aliondoka kwa njia ileile. Kwa hiyo baba alipoambiwa mjini Moshi kwamba sukari yake iko juu, hakuna aliyelia nyumbani. Mama aliendelea kuchambua maharage, na alipoyamaliza akayamwaga tena kwenye ungo akaanza upya.

Baba alikuwa mpishi wa wageni wanaopanda mlima. Kazi hiyo ndiyo iliyompa wazo lake. Alitusimulia habari za mama mmoja mgeni, mwenye mvi kichwa kizima, aliyekataa nyama safari nzima. Baba akawa anampikia dengu, viazi, mboga na parachichi, huku akimhurumia. Vijana wawili wa kundi lile walirudi njiani wakitapika. Yule mama akafika kileleni.

"Nilidhani namlisha mgonjwa," baba alisema. "Kumbe ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote."

Akaanza taratibu. Kwanza aliacha soda, kisha sukari kwenye chai, kisha mbege, pombe yetu ya ndizi, na hapo ndipo marafiki walipoanza kupungua barazani. Kwenye kihamba chetu, katikati ya migomba na mibuni, akaotesha mnafu, kunde, maboga na karoti. Mama akajifunza kumpikia ndizi na maharage bila nyama wala mafuta mengi. Vidonge vyake vya sukari aliendelea kuvimeza kila asubuhi, kama alivyoandikiwa.

Ukoo haukujua mpaka Krismasi. Wote walikuwa wamerudi nyumbani, uwanja umejaa, na baba mdogo Wilfred ndiye aliyekuwa anagawa nyama. Alipomletea baba kidari kwenye jani la mgomba, baba akakirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa.

"Wape watoto," alisema. "Mimi nyama nimeiacha."

Wilfred alibaki amesimama na lile jani mkononi. Bibi Ndelilio, mama yake baba, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko lake. Hakupandisha sauti.

"Eliapenda, fungu ambalo mtu halili akiwa hai, waliotangulia humwekea. Siku wakichoka kukaa nalo, watamwita aende kulila."

"Mama, mimi nataka kuishi," baba akajibu.

"Na mimi nasema nini?" Bibi akanyoosha mkono, akachukua kile kidari, akaingia nacho ndani.

Alikitundika juu ya moto, kwenye dari la jiko, mahali anapokaushia kuni na mahindi ya mbegu. Alisema kitamngoja mwanawe hapo, na siku atakapokuja kukila, habari ya kuitwa itakuwa imekwisha. Kila nilipokwenda kuota moto kwake nilikiona. Kilianza kuwa chekundu, kikawa kahawia, kikawa cheusi. Leo naelewa kwamba bibi alikuwa amezika mume na mtoto wa kwanza, na kwamba kile kipande kilikuwa namna yake ya kumshikilia wa pili. Wakati ule nilijua tu kwamba siku zinahesabiwa.

Januari yote baba alikonda. Suruali yake ya kazini aliifunga kwa kamba. Dukani watu wakaanza kumtaja kwa sauti ya chini, na wengine wakataja ugonjwa mwingine kabisa. Lawama zikamwendea mama, kwa sababu mama hakuwa mtu wa mlimani. Wazazi wake walitoka Singida, wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini tambarare. "Anamlisha mtu wetu majani kama mbuzi," shangazi mmoja alimwambia bibi, nikiwa nimekaa pale pale. Mama alisikia yote hayo. Asubuhi aliosha mnafu, akaukatakata, akapika.

Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Jumatano moja bibi alipokwenda kwenye ibada ya akina mama, nilipanda juu ya kinu, nikafikia dari, nikachanja kipande cha kidari kwa kisu cha mboga. Nilikiponda juu ya jiwe mpaka kikawa kama nyuzi. Mama alipotoka kwenda kuchota maji, nikachanganya zile nyuzi kwenye sahani ya baba, ndani ya ndizi na maharage. Nilijiambia kwamba akimeza tu, hata bila kujua, itahesabiwa kwamba amekula.

Baba alikula tonge la kwanza, akaacha kutafuna. Akatoa uzi mmoja wa nyama mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. Alimtazama mama, akaona mama hajui kitu. Akanitazama mimi.

"Anande, njoo tukaangalie kunde."

Tulikwenda mpaka mwisho wa kihamba, kwenye uzio wa masale unaotutenganisha na jirani. Nilikuwa nangoja fimbo. Baba alichuchumaa mpaka macho yetu yakalingana.

"Umeogopa nini?"

"Bibi anasema utaitwa."

"Na nani?"

"Baba mkubwa."

Baba alitikisa kichwa. "Baba mkubwa alipokuwa hospitali, siku mbili kabla hajafa, alinishika mkono akaniambia, 'Mdogo wangu, wewe usinifuate.' Sasa mtu aliyenikataza nisimfuate ataniitaje?"

Nilimwuliza kwa nini asimweleze bibi maneno hayo. Akasema bibi hajawahi kuuliza siku za mwisho za Ombeni zilikuwaje, na yeye hajui aanzie wapi. Nikamwuliza kama daktari anajua kwamba ameacha nyama. Akacheka kidogo, cheko la aibu. "Daktari ana watu wengi. Nikianza kumsimulia habari za kunde ataniona mshamba."

Nilimwamini kuhusu baba mkubwa, kwa kiasi. Lakini kuanzia hapo nikawa namchunguza. Niliona asubuhi, kabla ya chai, vidole vyake vikitetemeka akifunga vifungo vya shati. Niliona jasho juu ya mdomo wake wakati sisi tumejifunika masweta. Sikumwambia mtu. Nilihesabu kuwa ni dalili, na dalili katika kichwa changu zilikuwa za aina moja.

Masika ilipoanza, wageni wa mlimani wakapungua, na baba akawa anashinda kihambani. Jumamosi hiyo aliamka mapema, akameza vidonge vyake, akachukua jembe bila kusubiri uji. Kama saa tatu mama akanituma nimpelekee.

Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anaongea, na alikuwa peke yake. Nilisimama nyuma ya mgomba na lile bakuli la uji. Baba alikuwa amekaa chini kwenye tope, miguu ameinyoosha, shati limemlowa kama aliyetoka mtoni, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu jana yake. Macho yake yalikuwa wazi, yakitazama mahali pasipokuwa na mtu.

"Ombeni," alisema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayejibu mwenzake mlangoni. "Ngoja nivae viatu."

Bakuli lilinitoka mikononi. Nikamwita, "Baba." Hakugeuka. Akaanza kupapasa tope akitafuta viatu, na viatu alikuwa amevivaa.

Mama alikuwa karibu kuliko bibi, lakini miguu yangu ilinipeleka kwa bibi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anajua habari za kuitwa. Nilimkuta anakoka moto. Nilimwambia maneno matatu tu: "Bibi, wamekuja kumchukua." Hakuuliza akina nani. Alinyanyuka, akachukua chupa ya asali aliyokuwa anaiweka kwa ajili ya kikohozi, akatoka. Bibi huyo alikuwa anatembea kwa fimbo. Siku hiyo fimbo ilibaki jikoni.

Nilidhani angechukua kidari. Nilimwuliza tukiwa tunakimbia. "Roho iliyokwisha kuondoka hairudi kwa nyama," alisema akihema. "Inarudi kwa utamu."

Baba alikuwa amelala ubavu. Bibi akapiga magoti topeni, akamwegemeza kichwa mapajani mwake, akachovya kidole kwenye asali, akampaka ndani ya shavu, kwenye ufizi. Akapaka tena, kidogo kidogo. Huku akipaka alikuwa anaongea, lakini si na baba.

"Ombeni, mwanangu, mwache. Mmoja nimekwisha kuwapa. Huyu ni wa kunizika mimi."

Mama alifika akiwa peku. Akasimama, akaona mkwewe anafanya nini, akapiga magoti upande wa pili, akamshika baba mkono. Wanawake hao wawili hawakuwa wamesemeshana tangu Krismasi. Sijui tulikaa pale muda gani. Nakumbuka sauti ya mfereji wa maji, na kidole cha bibi kikienda kwenye chupa na kurudi.

Kisha baba akameza. Akapepesa macho, akasema, "Mama, mbona umekaa kwenye tope?"

Wilfred alipata gari la jirani la kubebea mchanga, wakampeleka kwenye zahanati iliyo karibu. Bibi alikataa kubaki, nami nikapanda naye. Daktari alikuwa binti mdogo, aliyemwamkia bibi shikamoo kabla ya kugusa kitu. Alimtoboa baba kidole, akapima, akauliza maswali. Mama ndiye aliyejibu, kwa mara ya kwanza akisema yote mbele ya watu: mboga, maharage, ndizi, uzito uliopungua, soda iliyoachwa, vidonge vilevile kila asubuhi.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mzee, sukari yako ilishuka mno. Kula vizuri kumekusaidia, na kazi ya jembe imekusaidia, lakini unameza dawa ya mtu aliyekuwa na sukari ya juu kuliko yako ya sasa. Na leo umeimeza bila kula. Ungerudi kwa wanaokutibu ukawaeleza, wangekupunguzia." Kisha akamwuliza bibi alimpa nini. Bibi akasema asali. "Basi umemwokoa, bibi. Safari nyingine akiwa amezimia kabisa msimpe kitu mdomoni, mkimbilieni huku."

Bibi alifikiri. "Alikuwa anaongea na kaka yake."

"Sukari ikishuka hivyo, mtu huona na kusikia mengi."

"Ombeni naye alikuwa anatokwa jasho hivyo," bibi alisema. "Akiwa na zile sindano zake za sukari. Akawa anaongea na baba yake. Tulikaa tukamwimbia."

Baba, akiwa amelala kitandani, aligeuza uso akamtazama mama yake. Na hapo, kwenye kile chumba kilichonuka dawa, akamwambia maneno ambayo kaka yake alimwachia. Bibi aliyasikiliza mpaka mwisho, akafunika uso kwa kanga.

Wiki iliyofuata baba alikwenda mjini, na mama akaenda naye. Walipunguza dawa. Hawakuiondoa, na mpaka leo baba anameza kidonge chake, akiwa na miguu yote miwili, na bado anabishana na mbegu za karoti zinazogoma kuota. Bibi alikishusha kile kidari mwenyewe, akampa mbwa wa Wilfred. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuwahi kusema kwamba alikosea. Kila mwaka siku ya kuchinja alimpikia baba sufuria yake ndogo ya maharage, pembeni, na mtu akitia neno alimtazama mpaka anyamaze.

Wakati mwingine watu wananiuliza kama naamini mtu anaweza kuitwa. Nasema nilimsikia baba yangu akiitika, na nasema pia kwamba daktari alinionyesha namba kwenye kipimo. Kinachonisumbua zaidi ni kitu kingine. Asubuhi ile kila mmoja wetu alikuwa na kipande cha habari. Baba alijua hajamwambia daktari. Mama alijua vidonge havijapungua. Mimi niliona vidole vinatetemeka. Bibi aliwahi kuona jasho lile kwa mwanawe mwingine. Tulikaa nyumba mbili zinazotazamana, na kila mtu akakalia chake, mmoja kwa aibu, mwingine kwa hasira, mwingine kwa woga.

Mwaka jana nami niliambiwa sukari yangu imeanza kupanda. Naishi Njoro sasa, mjini Moshi, nina kibustani cha mboga nyuma ya nyumba, na chakula changu nimekibadilisha. Niliporudi kliniki nilimpa muuguzi daftari. Nilikuwa nimeandika kila nilichokula, siku nilizoshindwa nikala chipsi mayai, majani ya kuchemsha niliyopewa na jirani, na asubuhi mbili nilizoamka na jasho. Alifungua ukurasa wa kwanza, akauliza kama yote hayo ni ya lazima. Nikamwomba asome, nikavuta kiti nikakaa.